Pua ya Fundi wa Mashine za Salfa

Nimeliandika jina lake mara tatu kwenye daftari hili, na mara tatu nimelikata kwa wino mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Yuko hai, mjukuu wake anasoma kidato cha pili shuleni kwetu, na daftari langu limeshawahi kuokotwa. Kwa hiyo nitamwita Fundi, kama wanavyomwita wote hapa Newala. Naandika kwa sababu Julai mwaka huu nilimwamini yeye kuliko macho yangu mwenyewe, na kesho yake asubuhi mama yangu alikuwa amekaa juu ya skuta, kofia ngumu kichwani, tayari kushuka nayo bondeni.

Fundi ni jirani. Kati ya uwanja wake na wetu kuna ua wa minyaa tu, na minyaa ina mapengo. Tangu nikiwa darasa la pili nimemwona kupitia pengo lililo karibu na jiko letu, na kwa kuwa mimi si mtu wa kuongea, nimemwangalia kuliko nilivyozungumza naye. Kazi yake ni mashine za salfa. Huku kwetu mikorosho inapulizwa unga wa salfa kila mwaka ili ugonjwa wa ubwiriunga usiunguze maua, na mashine ya kupulizia inabebwa mgongoni kama begi la shule, ina injini ndogo inayolia kama nyigu waliochokozwa. Msimu ukianza, uwanja wa Fundi unajaa mashine mpaka Bibi, mke wake, anakosa pa kuanika muhogo. Kuku wao wanakuwa na vumbi la njano mgongoni. Yeye mwenyewe anavaa koti refu la maabara alilopewa na mtu wa Ndanda zamani, koti lililokuwa jeupe. Mimi nimelikuta la njano.

Neno lake kubwa ni "bado". Mtu anakuja na haraka zake, mkorosho umeshatoa maua, ukungu wa asubuhi umeanza, anauliza: "Fundi, tayari?" Yeye hainui kichwa. "Bado." "Bado nini, baba?" "Bado." Haelezi. Kuna bodaboda mmoja, Bakari, anayeegesha pale njia panda ya kwetu, aliyempa jina la Mzee Bado, na jina likashika. Fundi alipolisikia alisema tu kwamba Bakari naye bado.

Mpira anausikiliza redioni kipindi cha kwanza tu. Mapumziko yakifika anazima, anasema cha pili kinampandisha presha, matokeo atayasikia kwa wenye kelele. Korosho haonji. Na pamoja na ukali wake wote kuhusu kazi safi, alikuwa na tabia moja ambayo watu waliifahamu na kuinyamazia: mashine yako ikikaa kwake muda mrefu, kifaa chake kinahama. Mama mmoja wa jirani alikwenda shambani kwa mkwewe akakuta kabureta lake, lenye alama ya rangi ya kucha aliyoipaka mwenyewe, linafanya kazi kwenye mashine ya mkwewe. Alirudi amefura. Fundi akamwambia, "Lilikuwa linakaa bure, nikaliazima. Njoo Alhamisi uchukue zuri kuliko hilo." Alhamisi alichukua zuri kuliko lile. Hakuna aliyejua hilo zuri limetoka kwa nani.

Lakini alichojulikana nacho zaidi ni pua.

Mashine ya salfa haina mahali pa kuweka oili. Oili inachanganywa na petroli humohumo kwenye tanki. Ikizidi, mashine inatoa moshi na kuzimika. Ikikosekana, injini inanoki, yaani pistoni inakauka, inashika, basi tena. Mafundi wengine wanapima kwa kizibo au kwa chupa. Fundi alikuwa anafungua kifuniko, anainama, anavuta hewa mara moja, halafu anasema: "Umepunja." Au: "Umemimina kama unakaanga." Wauza petroli ya chupa walimwogopa. Nilishuhudia mwenyewe, nikiwa nimetumwa chumvi, Fundi akipewa chupa dukani, akainusa, akairudisha juu ya meza bila neno. Mwenye duka akaichukua, akaingia nyuma, akaja na chupa nyingine. Hawakuangaliana usoni. Na kwetu, mama akiwa anasahihisha madaftari ndani, tulikuwa tunasikia sauti inatoka ng'ambo ya minyaa: "Mama Somoe, maharage!" Mama anakimbia, anakuta ndiyo kwanza yanaanza kushika chini.

Mwaka jana maharage yetu yaliungua mpaka yakawa mkaa. Fundi alikuwa amekaa palepale uwanjani kwake, upepo unaelekea kwake, na hakusema kitu. Mama alihuzunika. Alidhani tumemkosea, akampelekea boga. Fundi alilipokea boga na kushangaa.

Tangu wakati huohuo alianza kuniita. "Somoe! Njoo." Ninapita kwenye pengo, nasema shikamoo Babu, anasema marahaba, ananisogezea tanki. "Nusa. Hii nini?" Mara ya kwanza nilisema petroli. "Petroli na nini?" Nikanusa tena, nikasema kuna kitu kizito kama cha cherehani. "Vizuri." Basi ikawa hivyo, mara mbili, mara tatu kwa wiki. Hata wateja aliwauliza, "Wewe unasikia harufu gani?" wakajibu kama wako mbele ya mwalimu, wakicheka. Sote tulidhani anatufundisha. Mimi nilijisikia mtu. Shuleni hakuna anayeniita mbele, na kama wakiniita sauti inanipotea, lakini pale nilikuwa nasema jibu na naambiwa vizuri.

Sasa skuta.

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi iliyoko bondeni, chini kabisa, upande wa Mto Ruvuma. Sisi tunakaa huku juu. Baba alihamia Tunduru na ana watu wengine huko, sitaki kuandika zaidi. Mwaka huu alikuja mwalimu mkuu mpya, akasema walimu wanaoishi juu wanachelewa, na shule zikifunguliwa baada ya likizo ya Juni, atakayechelewa atahamia nyumba ya shule. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja na tayari kina mwalimu mwingine. Maana yake mimi ningepelekwa kwa mama mkubwa Masasi, kidato cha nne kikiwa katikati, mtihani miezi minne mbele. Mama mkubwa ni mtu mzuri. Ila sijawahi kukaa nyumba ambayo mama hayupo, na naandika hivi nikiwa na miaka kumi na saba, atakayecheka acheke.

Bodaboda wapo, lakini asubuhi wanashuka wanapotaka wao. Pikipiki ya kawaida mama aliiogopa, na magauni yake hayaipandi. Skuta alishaendesha akiwa chuoni. Mwezi wa tano akasikia kuna karani mstaafu Masasi anauza yake, ya zamani, kwa bei ambayo hela yetu ya korosho ingefika. Ilikuwa ya aina ileile ya kuchanganya oili tankini. Mafundi wa bodaboda walisema hawaijui. Mama akamwomba Fundi aende naye kuikagua, na mimi nikaenda kwa sababu ilikuwa Jumamosi.

Miadi ilikuwa saa tatu. Fundi alitufikisha kwa karani saa moja na nusu. Mama aliona aibu, karani alikuwa bado na msuli kiunoni na mswaki mdomoni. "Mbona mapema, wazee wangu?" Fundi alimsalimia vizuri, akaulizia hali ya nyumbani kwake, mashamba, mvua, huku mkono wake ukiwa umeshatua juu ya injini. Ilikuwa baridi. Baadaye alituambia kwamba ndicho alichofuata: muuzaji akijua saa ya mgeni anaiwasha kabla, ili ionekane inawaka kirahisi.

Hakuuliza umri wa skuta. Aliomba kuona inapolala. Karani akatuonyesha kibanda cha uani, na Fundi akapiga magoti, akakaa muda mrefu anaangalia sakafu badala ya skuta. Doa la oili lilikuwa moja, dogo, upande wa kulia. Akainuka.

"Ilikuwa inabeba nini?"

"Inanibeba mimi tu," karani akasema. "Kanisani na sokoni."

Fundi akapitisha kucha chini ya ubao wa kukanyagia, akamwonyesha. Kucha ilikuwa na njano.

"Na wewe una rangi hii?"

Mama aligeuka pembeni kuficha kicheko. Karani akasema ilikuwa mifuko miwili, labda mitatu, miaka miwili tu. Fundi akaniita mbele ya watu wote. "Somoe, nusa tanki." Nikanusa. Nikasema kuna oili, ni kama ya mashine zako Babu. "Vizuri." Kisha akamwambia mama, karani akisikia, kwamba injini ni nzima ila salfa na umande vimekula nyaya na bolti, na kwamba anayenunua hii ananunua injini tu, mwili anapewa. Bei ikashuka. Tuliirudisha Newala juu ya gari la mizigo, katikati ya magunia ya mahindi, Fundi ameishika usukani njia nzima kama anamsindikiza mgonjwa.

Akakaa nayo wiki tano.

Ule ulikuwa msimu, mashine za salfa zilikuwa zimepangwa mpaka mlangoni, lakini si hilo tu. Kila bolti iliyooza aliiloweka siku tatu kabla ya kuigusa. Waya wa breki alioagiza kutoka Masasi ulipokuja, aliurudisha, akasema umesokotwa na mtu mwenye njaa. Mama alitaka kuiosha skuta. Fundi akakataa: maji tunanunua kwa ndoo, ni ya watu, na vumbi likibaki litaonyesha panapovuja. Mama akawa anapita kila jioni.

"Fundi, shule inafunguliwa Jumatatu ijayo."

"Najua."

"Itakuwa tayari?"

"Bado."

"Fundi, nitaondolewa hapa mimi. Mwanangu ana mtihani."

"Mama Somoe, ule mteremko unaujua. Unataka nikupe kitu cha kukufikisha shule au cha kukufikisha chini?"

Mama alirudi nyumbani ameuma meno. Usiku huo alianza kupanga nguo zangu pembeni, za shule na za nyumbani, kwenye begi la zipu. Hakusema ni za nini. Mimi nilizirudisha kabatini. Kesho yake nikazikuta tena kwenye begi.

Siku moja Fundi alimkalisha mama kwenye gogo, akamfundisha skuta kama anafundisha mtoto kusali. Petroli tupu usiweke, hata ukikwama, hata ukibembelezwa. "Ukiweka tupu, ukiwa unashuka na gia ndogo, mkono umeachia mafuta, injini haipati oili kabisa. Pistoni inashika. Tairi la nyuma linasimama hapohapo. Tambarare utachubuka. Pale kwenye kona..." Hakumalizia. Mama aliitikia. Mimi nilikuwa kwenye pengo langu na nilimaliza mwenyewe.

Fundi alikuwa na madumu mawili ya njano ya lita ishirini, yanayofanana. Moja la mchanganyo, moja la petroli tupu ya kuoshea vifaa. Hakuyaandika kitu. Bakari aliwahi kumwambia apake hata rangi, akajibu kwamba anayehitaji rangi ni yule mwenye mafua. Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa nilimwona akiosha kabureta la skuta kwenye beseni, anamimina, anasugua, anamimina tena, mpaka lile dumu likabaki nusu. Lile lingine lilikuwa limejaa. Jumapili asubuhi Bibi akafagia uwanja, akayasogeza yote mawili upande wa pili wa mlango.

Jumapili alasiri skuta ikawa tayari. Sijui nani alitangaza, lakini watu walikuja. Bakari alikuja na wenzake wawili, wakaegesha pikipiki zao kwa mstari.

"Mama Somoe, hiyo ni skuta au jokofu?"

"Ikifika bondeni itadai kiinua mgongo!"

"Muacheni Mwalimu. Akichoka kuendesha ataweka soda humo."

Mama alicheka nao, lakini mikono aliikunja. Fundi hakucheka. Alileta madumu, moja baada ya jingine, akayaweka mbele ya skuta. Bakari akapaza sauti: "Babu, tuonyeshe hiyo pua! Wanasema ina vipimo vya maabara." Watu wakasogea. Fundi akafungua dumu la kwanza, akainama, akavuta hewa. Akafungua la pili, akavuta hewa. Akarudi la kwanza. Alifumba macho kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemsahau. Halafu akainua kichwa akatuangalia, mmoja mmoja, na macho yake yakanifikia mimi. Nilijua ataniita. Nilishaanza kusogea mguu.

Hakuniita. Aliangalia tena wale vijana watatu, akainua dumu lililo nusu, akamimina tankini.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Ilinijia yote kwa pamoja: maharage yaliyoungua, lile boga, kwa nini mwaka mzima ananiita kunusa. Hakuwa ananifundisha. Alikuwa anaazima pua yangu, kama alivyoazima lile kabureta. Na nikaufunga mdomo. Nilijiambia labda baada ya kuosha aliongeza oili humo nisipoona. Nilijiambia yeye ni Fundi na mimi ni mtoto wa jirani ninayechungulia. Nilijiambia nikisema, Bakari atacheka, na kicheko hicho kitakaa Newala miaka. Skuta ikawaka kwa kiki ya pili. Mama akaizungusha uwanjani na kuiingiza kwetu, mita hamsini, watu wakapiga makofi. Fundi alikuwa anajifuta mikono kwa koti, anafuta mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sijui kilikufa nini hasa katika pua yake. Inawezekana ni salfa ya miaka yote ile, inawezekana ni umri. Sikuwa nafikiria hilo usiku ule. Nilikuwa namsikiliza mama akipumua.

Asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili, mama alipoingia kuvaa, nilikwenda kwenye skuta. Nilifungua kifuniko cha pembeni kama nilivyomwona Fundi akikifungua mara mia, nikaichomoa kofia ya plagi na kipande chake cha chemchemi, nikatia kwenye mfuko wa sketi. Nikarudisha kifuniko. Nilikuwa nimeshavaa sare. Mkono wangu ulinuka.

Mama akatoka. Akapiga kiki. Akapiga tena. Akavua kofia ngumu, akapiga, jasho likaanza kumtoka kwenye nyusi na kuharibu poda yake. Kila baada ya kiki aliangalia saa. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika fremu.

"Mama, pengine panda bodaboda leo."

"Bodaboda yuko wapi saa hizi? Wewe unamwona?" Akapiga kiki. "Nenda kamwite Fundi. Kimbia!"

Nikapita kwenye pengo. Alikuwa anatawadha kwa kikombe, maji kidogo kidogo.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Haiwaki?"

"Haiwaki."

Akaja na koti lake. Alifungua kifuniko, akaona palipokosa kitu kwa muda ambao mtu anapepesa jicho. Hakumwangalia mama, na mimi hakuniangalia. Alinyoosha kiganja nyuma, kuelekea kwangu, kikiwa wazi. Nikaiweka ile kofia ya plagi juu yake.

"Somoe!" Mama alikuwa hajawahi kuniita kwa sauti ile. "Ni wewe? Unataka nifukuzwe? Unajua mimi nafanya haya yote kwa ajili ya nani?"

"Mama, nisamehe." Nikamgeukia Fundi. "Babu, naomba unuse tanki."

"Una wazimu? Unamwamrisha babu yako?"

"Babu, naomba."

Fundi alifungua tanki. Akainama. Alikaa hivyo muda mrefu sana, mgongo wa koti lake la njano umekunjika, na barabarani pikipiki ikapita na ikaishia, na mama akasema, "Fundi, vipi, muda unaniishia," na yeye bado ameinama. Kisha akajiinua nusu.

"Somoe. Njoo unuse wewe."

Nikanusa.

"Hii nini?"

"Petroli."

"Petroli na nini?"

"Petroli tupu, Babu. Hakuna kingine."

Akachovya kidole, akakisugua na gumba. Kikauka mara moja, hakikuteleza. Akamgeukia mama. Sura yake ilikuwa kama ya mtu aliyeitwa ofisini.

"Mama Somoe, shuka."

"Fundi, nina dakika..."

"Shuka. Bado."

Mama alishuka. Alituangalia sisi wawili, mimi, yeye, mimi, na niliona likimfika, polepole. Akaketi kwenye kizingiti na kofia ngumu mapajani. Kisha akainuka, akakimbia mpaka njia panda, akampata Bakari, na akashuka bondeni nyuma ya Bakari.

Alichelewa. Wanafunzi walikuwa wamesimama mstarini na mwalimu mkuu akasema mbele yao wote, "Mwalimu wa juu naye amefika." Akampa mpaka Ijumaa. Siku ileile Fundi alimwaga tanki, akalisuuza, akamwomba Bibi alete dumu lililojaa, na Bibi ndiye aliyenusa. Jumanne mama alishuka na skuta, akafika kabla ya kengele. Ijumaa vilevile. Nguo zangu zikatoka kwenye begi la zipu. Mama hakunipiga wala hakunishukuru. Jioni ile ya Jumatatu alinipakulia kipande cha samaki cha kichwani, anachokipenda yeye, akaniangalia nikila mpaka nikamaliza.

Lakini Fundi hakuniita tena. Nilikaa kwenye pengo mchana kutwa siku za mapumziko, na aliponiona alihamia upande wa pili wa nyumba. Kabla msimu haujaisha, Bibi akaanza kuwarudishia watu mashine zao, nyingine zikiwa bado vipande ndani ya beseni. Bakari alisema pua imekwisha muda wake, na watu wakacheka kama nilivyojua watacheka, ingawa mimi sikumwambia mtu yeyote, wala mama hakusema. Mwezi wa kumi walihamia Lulindi kwa binti yao. Nilijiona kama nimemfukuza jirani. Nimefanya mtihani wote nikiwa na hilo tumboni.

Wiki iliyopita, shule zikiwa zimefungwa, mama alisema tukamsalimie. Tulikwenda kwa skuta, mimi nyuma, mama anaongea na injini njia nzima. Tulimkuta Fundi uani, amekaa kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe, amevaa shati jeupe la kawaida. Alipokea shikamoo zetu. Aliuliza habari ya skuta, mama akasema haijambo, kisha mama akakumbuka kwamba amesahau sukari ya zawadi, akaondoka na skuta kwenda dukani. Nikabaki. Vipande vya mti vilikuwa vinaanguka kwenye miguu yake na sikujua pa kuweka mikono yangu.

"Siku ile," akasema, bila kuacha kuchonga. "Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kusema asubuhi. Lilikuwa jibu rahisi, na hata mama ndivyo anavyoamini.

"Tangu Jumapili, Babu. Ulipokuwa unamimina."

Kisu kikasimama.

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Usiku kucha."

"Ndiyo, Babu. Lakini sikulala."

Alikaa anaangalia mpini, akiuzungusha kutafuta palipobaki kifundo. Nilisubiri aniambie kwamba mama angekufa. Nilikuwa nimeshajiandaa kulisikia, nimejiambia mwenyewe mara nyingi.

"Mimi habari ya pua hii nilijua tangu msimu wa juzi," akasema.

Sikumwuliza kwa nini hakusema. Nje mama alikuwa amesharudi, akapiga honi mara moja, halafu mara ya pili ndefu. Tuliisikia wote wawili, na hakuna aliyeinuka.